Dawa Isiyotapisha

Tehran, 14 Mehr 1398 (6 Oktoba 2019)

Kwa Daktari Nayereh Kuhbanani, Zarand, mkoa wa Kerman

Binti yangu,

Salamu baada ya miaka mingi. Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Macho yangu yote mawili yameshikwa na mtoto wa jicho, simu naiona kama kipande cha sabuni, kwa hiyo mimi nasema na Mahlaqa anaandika. Unamkumbuka mke wangu alivyokuwa akifundisha imla shuleni: haongezi neno wala hapunguzi.

Nakwenda moja kwa moja kwenye haja yangu. Tarehe 27 ya mwezi ujao, Aban, nafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, hapa hapa hospitalini kwangu, na nataka wewe ndiye unidunge ganzi. Hawa vijana wangu wa nusu kaputi ni hodari wa kutazama mashine, lakini sindano inayopita pembeni ya jicho inataka mkono, na mkono wako niliufundisha mwenyewe. Uniwekee na ule mchanganyiko wetu, ganzi na tone la fentanili ndani yake, kama tulivyofanya kule Kerman. Wapo watu wazima wanaoogopa fentanili kwa kuwa ni ndugu wa afyuni. Mimi nimewadunga maelfu. Itakuwa aibu mwenye dawa kudungwa ganzi tupu.

Kuna jingine. Tarehe 5 Azar, wiki moja baadaye, ukumbi wa mihadhara unapewa jina langu, kwa sababu ya makala ile. Ningependa nikuone safu ya mbele. Najua tulikuwa na mambo yetu, wewe na mimi, lakini ni ya zamani na mimi sina kinyongo.

Mwalimu wako,
Kiumars Ashtari

Haya ni yangu, yeye hakuyasema. Nayereh, bado unakula ukoko kwanza kabla ya wali wenyewe? Miaka miwili ulikula mezani kwangu, halafu ukaondoka bila kuaga. Nilipomuuliza Kiumars akasema umeolewa.
Mahlaqa

*

Zarand, 25 Mehr 1398

Mwalimu Ashtari,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama na ya pili nikicheka. Eti huna kinyongo. Nashukuru kwa kunisamehe kosa la kuibiwa.

Bi. Mahlaqa, najua wewe ndiye unayesoma. Tafadhali soma kwa sauti, polepole, usiruke mstari. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu hiyo tu: simu yeye angeikata, wewe barua hutaikatiza. Sikuolewa. Niliondoka bila kuaga kwa sababu mumeo aliniibia tasnifu, na sikuweza kukaa tena mezani kwake nikimpokeza chumvi.

Mwaka 1380 nilikuwa mwanafunzi wake. Wazo la kutia fentanili kwenye ganzi ya jicho lilikuwa langu. Wagonjwa tisini na sita niliwadunga mimi, nusu yao ganzi tupu na nusu yao mchanganyiko. Nikakaa kando ya vitanda vyao na saa mkononi, nikiandika ganzi imeshika lini, maumivu yameanza lini, nani katapika na nani hakutapika. Nilipomaliza, mwalimu akaniita ofisini, akanimiminia chai. "Nayereh, kamati imeikataa," akasema. "Ni nyepesi mno. Tafuta mada nyingine, bado kijana wewe." Nikalia mbele yake, naye akanipa leso yake nijifute.

Mwaka uliofuata nikafungua jarida maktaba, nikaikuta tasnifu yangu na majedwali yangu yote, hadi kosa langu la kujumlisha kwenye jedwali la tatu. Jina lilikuwa moja tu, la mumeo. Hakuna kamati iliyowahi kuiona.

Makala hiyo ilimpeleka yeye Tehran. Mimi ilinileta Zarand, ninakodunga wachimba makaa na wakulima wa pistachio, na sina mtu wa kugombana naye. Tarehe 27 sitakuja. Tarehe 5 Azar nitakuwepo kwa namna yangu. Daftari la wagonjwa ninalo bado, mwalimu, na lina kurasa ambazo hukuwahi kuziona kwa sababu ulikuwa na haraka.

Nayereh Kuhbanani

*

Tehran, 3 Aban 1398

Nayereh,

Mahlaqa amesoma yote, polepole kama ulivyoagiza. Tangu siku hiyo ananiletea chai bila sukari na bila neno. Kama ulitaka kunifedhehesha ndani ya nyumba yangu, umefaulu, hongera.

Sasa nisikilize. Tasnifu ilikuwa yako, sikatai. Hapa hatuko mahakamani. Lakini ingebaki kuwa yako ingeozea kabatini. Nani angesoma kitu cha msichana wa Kuhbanan ambaye hata baba yake hajulikani mjini? Mimi niliipa miguu. Leo watu wanapasuliwa jicho, wanalala siku nzima bila maumivu na hawatapiki. Huna haja nikueleze kutapika ni nini kwa jicho lililoshonwa: mgonjwa akikaza tumbo mara tatu, nyuzi zinaachia. "Kati ya wagonjwa arobaini na wanane waliopewa mchanganyiko, hakutapika hata mmoja." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifikisha hapa, na naikariri kama watu wanavyokariri sala. Wewe uliiandika, mimi niliitangaza. Mimi hiyo naiita kugawana kazi.

Nakupa hivi: siku ya sherehe nitakutaja kwenye hotuba, jina kamili, kwamba ulinisaidia. Chukua au acha. Na hizo kurasa za daftari usinitishe nazo, nimetishwa na watu wakubwa kuliko wewe. Kuna nini humo?

Kiumars Ashtari

Nimeandika kila neno kama lilivyotoka kinywani mwake, nikamshika mkono akatia saini. Sasa na mimi nauliza. Kuna nini humo?
Mahlaqa

*

Zarand, 9 Aban 1398

Mwalimu,

Umeuliza, nakujibu. Swali hili nimelisubiri miaka kumi na saba, na raha ninayoipata hapa nilipokaa sitakuficha.

Mwaka mmoja baada ya kazi yetu, alirudi mgonjwa namba thelathini na moja, Mashadi Rajab, mfuga mbuzi, kwa ajili ya jicho la pili. Nikamwambia asiwe na hofu, atatulia kama mara ya kwanza. Akacheka hadi meno ya bandia yakacheza.

"Binti, mimi nimeshatulia tangu alfajiri. Nimekunywa changu na chai."

"Chako nini, baba?"

"Afyuni, kwani kuna nini kingine? Kipande kama punje ya dengu. Miguu hii bila hiyo hainiinui."

Nikamwambia kwenye fomu alijibu kwamba hana uraibu. Alikasirika kweli. "Mraibu ni yule anayelala mtaroni. Mimi nina mbuzi mia mbili. Ungeniuliza kama nakunywa dawa yangu ningekwambia, lakini wewe umenitukana kwa adabu, nami nikakujibu kwa adabu."

Fomu ile uliitunga wewe, mwalimu, mtu wa Tehran. Je, una uraibu, ndiyo au hapana. Nami mtoto wa Kerman, niliyemtengenezea babu yangu chai hiyo hiyo kila asubuhi hadi alipokufa, niliwasomea wazee swali lako bila kufikiri. Basi nikafunga safari kijiji kwa kijiji, kuwatafuta wale arobaini na wanane wa mchanganyiko. Habari za uraibu sikuzigusa. Niliketi, nikapewa mkate, nikauliza tu, "Asubuhi unaweka nini kwenye chai?" Thelathini na tisa walinijibu bila kupepesa macho. Walikuwa wakitumia afyuni kila siku, wengine kwa miaka thelathini. Miili yao ilishazoea. Tone letu la fentanili lingewatapisha vipi? Ni sawa na kumtisha mwoka mikate kwa joto la tanuri. Waliobaki walikuwa tisa, na tisa hawathibitishi kitu.

Kwa hiyo sala yako hiyo haina ukweli ndani yake. Hatukupima dawa, tulipima mazoea ya wazee wa Kerman. Nilidhani pengine kamati iliona kasoro hiyo, nikaja ofisini kwako na daftari kwapani kukueleza. Karani akasema una wageni. Nikangoja kwenye benchi saa tatu nzima, kisha nikavuka kwenda maktaba kupoteza muda, na hapo ndipo nilipolifungua lile jarida. Wageni wako walikuwa wamekuja kukupongeza.

Nikarudi nyumbani na daftari langu. Maneno yalikuwa mdomoni, nikayameza. Nikasema moyoni, acha apande. Akianguka kutoka ghorofa ya kwanza atateguka kifundo tu, acha afike juu kabisa. Kila nilipoona umepata cheo nilinunua kilo ya kolompe, ile mikate yetu ya tende, nikala peke yangu hadi makombo. Asubuhi ya tarehe 5 Azar jarida litapokea barua yangu na nakala za kurasa zote, na wewe utakuwa umeshavaa suti.

Kuhusu tarehe 27: watakudunga mchanganyiko wako mwenyewe, na wewe hujawahi kuonja afyuni maishani mwako. Bi. Mahlaqa, mwekee beseni karibu.

Nayereh Kuhbanani

*

Tehran, 16 Aban 1398

Nayereh,

Safari hii Kiumars hajui kwamba naandika. Barua yako nilimsomea hadi nikafika kwenye beseni. Hapo nikaikunja karatasi. Akaniuliza, "Mbona umekatisha, imeisha?" Nikamwambia imeisha.

Mwaka 1386 nilipandikizwa konea, ule utando angavu wa mbele, kwenye jicho la kushoto, utando wa marehemu fulani, Mungu amrehemu, ukashonwa kwa nyuzi kumi na sita. Kiumars alisimama pale pale, akaagiza nidungwe mchanganyiko wake. Alikuwa na furaha, akawaambia wanafunzi, "Huyu ni mke wangu, mtazame vizuri." Jioni kichefuchefu kikaanza. Nikamwambia muuguzi najisikia kutapika. Akanijibu kwa heshima kabisa, "Haiwezekani, Bi. Mahlaqa. Dawa ya profesa haitapishi mtu." Nikatapika mbele yake, akasema ni hofu. Nikaomba dawa ya kuzuia, akasema haijaandikwa kwenye utaratibu wao kwa sababu haihitajiki. Nilitapika hadi usiku ukaingia, nikasikia nyuzi zikiachia, kisha nikasikia joto likishuka shavuni. Walipofungua pamba hapakuwa na jicho la kuokoa.

Tangu hapo upande wa kushoto nina jicho la kioo. Kiumars aliniambia nilikula kitu kibaya kabla ya kwenda hospitali. Miaka kumi na miwili nimejilaumu kwa bakuli la supu ya shayiri. Supu hiyo sijaipika tena tangu mwaka huo, na alikuwa akiipenda.

Kwa hiyo unielewe, Nayereh. Uliponiagiza nisome polepole, mimi sina namna nyingine ya kusoma.

Nimehesabu miaka kwa vidole. Wewe ulijua mwaka 1381. Mimi nilipoteza jicho mwaka 1386. Mwizi wako ninakula naye, na yake nitamfanyia mimi mwenyewe, hilo usinisaidie. Lakini yeye hakujua na wewe ulijua. Ulikuwa unangoja apande, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokanyagwa akipanda.

Sitaki pole. Nataka unijibu jambo moja. Katika miaka ile mitano, iko siku uliyonifikiria mimi, au mtu mwingine yeyote aliyelazwa kwenye kitanda kile?

Mahlaqa

*

Zarand, 21 Aban 1398

Bi. Mahlaqa, mama yangu,

Wallahi sikujua. Habari za jicho lako hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza habari za nyumba yenu kwa sababu nilikuwa nimeapa. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara tatu.

Umeuliza, nami sitakudanganya. Hapana, haikuwepo siku hiyo. Nilimfikiria yeye tu. Nilipowakumbuka wagonjwa niliwakumbuka kama namba, namba zangu zilizoibiwa. Nikajiambia kwamba jina ni lake, basi na lawama ni zake. Nilikuwa na haki, Bi. Mahlaqa, nilikuwa na haki kweli, na nikaikumbatia hiyo haki hadi nikawa sioni kingine. Sasa kila nikifumba macho nakuona unanipakulia ukoko.

Nakuomba unisikilize. Tarehe 27 nitakuja. Nitamdunga mwenyewe, ganzi ya kawaida, hatasikia hata sindano ikiingia. Barua ya jarida sitaituma tena. Ukumbi na upewe jina lake. Nitawaandikia madaktari mmoja mmoja, kimya kimya, wapunguze dozi na waweke dawa ya kuzuia kutapika karibu. Mambo yatatengemaa bila kelele na hakuna atakayeumia zaidi.

Ila ile barua yangu ya tarehe 9, ichome. Imeandikwa kwa mkono wangu, ina tarehe na saini, na inasema nilijua na nikanyamaza makusudi. Ikifika kwenye baraza la madaktari watanivua leseni, na nina miaka arobaini na saba, sijui kazi nyingine. Hapa Zarand mtu wa nusu kaputi ni mimi peke yangu. Yeye amekula miaka yangu, sitaki amalizie na iliyobaki. Ulinilisha miaka miwili kama mtoto wako. Ichome, kisha uniandikie hata mstari mmoja kwamba umeichoma.

Nayereh wako

*

Tehran, 6 Azar 1398

Nayereh,

Sikuichoma.

Tarehe 27 nilisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji usije ukaingia, na nasikia ulifika hadi getini. Mimi ndiye niliyewaambia walinzi wasikuruhusu. Ndani, Kiumars, ambaye habari za daftari lako aliziita wivu tu, alikuwa akibishana na vijana wake, anataka mchanganyiko wake na si ganzi tupu. Nikaingia na viatu vyangu vya barabarani, nikamwambia, "Kiumars, nilitoe hili la kioo niwaonyeshe wanafunzi wako, au utanyamaza?" Akalala chali. Wakamdunga ganzi tupu na jicho limetoka salama.

Sasa anaona. Siku ya tatu walipomtoa bandeji nilimwekea barua yako ya tarehe 9 pale panapokaa bilauri yake ya chai, na ile niliyokuandikia mimi nikiwa nimeinakili upya. Alisoma zote mbili peke yake. Aliposimama alinishika bega akataka kusema kitu, nikautoa mkono wake. Ninaishi chumba cha mbele na ufunguo ninao mimi. Siku za Jumatano nampikia supu ya shayiri, naiweka mbele yake, na nakaa kumtazama hadi aimalize.

Nawe nikueleze yako. Nilikusanya barua yake ya tarehe 3, anayokiri kwamba tasnifu ni yako; siku ile niliandika nakala mbili, nikamshika mkono akatia saini zote. Nikaweka ya kwako ya tarehe 9. Nikaweka na hii ya mwisho, unayoniomba nichome, maana bila hiyo mtu angeweza kudhani uliandika kwa hasira tu. Nikaongeza karatasi za hospitali za jicho langu na maelezo yangu ya ukurasa mmoja, yasiyo na kosa hata la nukta. Tarehe 30 Aban nilizipeleka kwa miguu yangu kwenye ofisi za jarida. Nakala nyingine nikapeleka baraza la madaktari, mtaa wa pili kutoka pale. Sikuagiza mtu.

Jana ukumbi ulikuwa umefungwa na kibao kimefunikwa kwa kitambaa. Jana hiyo hiyo mhariri wa jarida alinipigia simu, kijana mwenye adabu. Akasema wanaifuta makala, na kwenye tangazo la kuifuta ni lazima wataje kazi ilifanywa na nani, kasoro iligunduliwa na nani, na aliificha kwa muda gani. Aliogopa kukosea majina ya watu. Nikamwambia achukue kalamu, nikamtajia herufi kwa herufi kama nilivyokuwa nikiwatajia watoto wa darasa la pili.

Kwa miaka kumi na saba ulitaka jina lako liwekwe kwenye kazi ile, kando ya la kwake. Litatoka mwezi ujao. Yeye mhariri alitaka kuanza na la Kiumars kwa sababu ya cheo, nikakataa. Nimeomba lako litangulie, kwa kuwa wewe ndiye uliyejua.

Mahlaqa